Acheni kupiga msasa pini za konekta, jamani

Asubuhi nimeletewa kifaa, kabla hata sijashika bisibisi mwenyewe ananiambia kwa kujiamini kabisa, "fundi, konekta nishaisafisha, nimepiga msasa hadi imeng'aa." Nikajua kazi ipo. Nafungua, kweli pini (vile vijino vya chuma vinavyogusana umeme ukapita) zinang'aa, ila zilikuwa za dhahabu na sasa ni brasi tupu. Huyu ni wa ngapi mwezi huu sijui, nimeacha kuhesabu. Kwa hiyo naandika mara moja, atakayekuja tena na hiyo hadithi namtumia hii asome.

"Ikishang'aa imesafika"

Hii ndo inanimaliza kabisa. Pini ya konekta ndogo siyo kitu kimoja kuanzia juu hadi ndani. Kiini chake ni brasi au shaba ya aina nyingine iliyochanganywa, juu yake mara nyingi kuna nikeli, halafu juu kabisa ndo dhahabu au bati. Hiyo dhahabu hata kwenye konekta nzuri mara nyingi haifiki maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na kwenye zile za kulipua haifiki hata 0.1, yaani imepakwa kama kivuli. Sasa chembe ya msasa, hata ule laini wa namba 1000, ina maikroni 10 hivi au zaidi. Piga hesabu mwenyewe, ukipitisha mara mbili tatu dhahabu imeenda, na ukiwa mtu wa bidii sana hata nikeli unaimaliza.

Na kinachouma zaidi ni kwamba dhahabu yenyewe haishiki kutu kwa hewa ya kawaida! Ule uchafu unaouona juu ya pini ya dhahabu mara nyingi ni mafuta ya vidole, vumbi, mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu), au shaba ya chini imepenya kwenye vitundu vidogo vya ile dhahabu. Kwa hiyo unakwangua kitu kisicho na kosa.

Halafu mtu ananibishia, "mbona nilipiga msasa ikafanya kazi wiki mbili?" Ndio ilifanya, umefunua shaba mpya na shaba mpya inapitisha umeme vizuri tu, ila umeivua nguo, hewa na unyevu vinaishika moja kwa moja, oksidi (kutu yake) inarudi haraka kuliko mwanzo na safari hii inajificha kwenye mikwaruzo uliyoiacha, unapiga msasa tena, pini inazidi kukonda, mwisho soketi (upande unaoipokea pini) haibani na konekta inacheza. Hapo hakuna dawa, ni kubadilisha. Na wale wa steel wool msijifiche huko nyuma, vile vinyuzi vyake vinakatika vinabaki katikati ya pini na ni chuma kinachopitisha umeme, ukiwasha tu shoti.

Mimi ninavyofanya: zima umeme, toa betri, kisha chomeka na chomoa hiyo konekta mara kumi hivi. Usicheke. Konekta imetengenezwa ijisugue yenyewe inapoingia, hasa za bati, maana oksidi ya bati ni ngumu ila nyembamba na imekaa juu ya bati laini, ikisukumwa inapasuka kama ganda la tope kavu. Nusu ya kesi zangu zinaishia hapo. Isipokubali, mswaki laini na alkoholi ya isopropili, ikikauka naweka kidogo sana dawa ya kuondoa oksidi (DeoxIT na wenzake), nachomeka na kuchomoa tena, nafuta iliyozidi. Kama ni meno ya dhahabu kwenye ukingo wa bodi, mfano RAM (kadi ya kumbukumbu ya kompyuta), ufutio mweupe laini unaruhusiwa kwa mkono mwepesi, siyo ule wa pinki wenye mchanga mchanga, na vumbi lake ulitoe lote. Dawa ya meno? Hapana. Sitaki hata kuielezea.

"Nimeosha na alkoholi, kutu imetoka"

Alkoholi haiyeyushi oksidi. Inatoa mafuta, fluksi na uchafu, basi. Tafuta ya asilimia 90 kwenda juu, ile ya 70 iliyobaki karibu yote ni maji. Na iache ikauke kabisa kabla hujawasha, inashika moto ile.

"WD-40 inatibu kila kitu"

Hizo herufi mbili zenyewe (WD, Water Displacement) zinasema kazi yake ilikuwa kufukuza maji. Ile ya kawaida inaacha utando wa mafuta, na mafuta yanaita vumbi. Kampuni hiyohiyo inauza dawa nyingine maalum ya kusafisha kontakti, sasa kama hii ya kawaida ingetosha wangejisumbua kwa nini?

"Siki kwa kila kijani na kila cheupe"

Hapa angalau kuna ukweli kidogo. Betri ndogo za alkali zikivuja zinaacha ungaunga mweupe ambao ni wa besi, yaani kinyume cha asidi, kwa hiyo siki kidogo kwenye pamba inausawazisha. Betri ya asidi ya risasi, kama ya gari, ni kinyume, hapo unahitaji baking soda. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku. Na siki ukishaitumia lazima uiondoe kwa maji safi yasiyo na chumvi kisha alkoholi, ukiiacha inaendelea kula shaba usiku kucha wewe umelala.

"Grisi ya silikoni inasaidia umeme kupita"

Haipitishi umeme. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie, na pini zikibana vizuri zinaisukuma pembeni zinagusana zenyewe. Ila usiipake karibu na swichi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) zinazotoa cheche, cheche inaigeuza silika na silika ni kama kioo, haipitishi umeme.

"Mita imelia, konekta nzima"

Mita nyingi za umeme zikiwekwa kwenye mlio zinalia hata kukiwa na omu 20 au 30 katikati. Konekta yenye omu 0.5 tu ikipitisha ampia 2 inakula volti 1 na kutoa wati 2 za joto, kwenye kiplastiki kisichozidi ukucha. Mlio hautakuonyesha hilo. Washa kifaa kifanye kazi, weka mita kwenye volti, pima upande mmoja wa konekta hadi wa pili. Kwenye konekta ndogo nikiona zaidi ya milivolti mia hivi nashtuka.

Na kama unasafisha vizuri na tatizo linarudi kila mara kwenye kifaa kinachotikisika, acha kusafisha, angalia kama soketi bado inabana. Pini za bati zikichezacheza kidogo kidogo zinasagana na kutengeneza unga mweusi wa oksidi, na huo utautoa leo kesho upo. Plastiki ikishageuka kahawia usiniulize dawa gani upulizie, kata waya, weka konekta mpya.