Lupita ni wa Kenya gani? Maneno ya kibandani kwangu na ukweli wake

Mi kazi yangu ni kuweka filme ndani ya flash na kadi za simu, hapa Kenya, nasema Kenya ya Lubumbashi kule Kongo, ile komini, yani sehemu ya mji, sio ile inchi. Niko na kompyuta moja ya zamani, betri ya gari chini ya meza juu umeme tunajuana nao, na benchi ya watu watatu ambayo kila siku inabeba sita. Ukikaa pale toka asubuhi unasikia kila kitu juu ya maaktrisi na maakteri, na hakuna anayesemewa uongo kama Lupita Nyong'o. Nimechoka kubishana na mtu mmoja mmoja, wacha niandike mara moja.

"Lupita iko mutoto wa Kenya, shiye benyewe." Yani ni wa kwetu sisi. Kijana aliyesema hivi alikuwa anaapa kabisa, eti shangazi yake anajua hata parsele yao karibu na soko. Kaka, hapana. Ni Kenya ya Nairobi na Kisumu, na hata kule hakuzaliwa. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake Peter Anyang' Nyong'o alikuwa anafundisha chuo kule, na Lupita ni kifupi cha Guadalupe, jina wanalompa Bikira Maria huko Meksiko. Baba na mama ni Wajaluo, walirudi naye nyumbani angali mdogo, na Kihispania alienda kukisoma baadaye akiwa na miaka 16. Sasa nikisema hivyo kuna mwingine anaruka upande wa pili, basi ni Mmeksiko, tena wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji! Hapana tena. Anthony Quinn alizaliwa Meksiko na alibeba mbili miaka ya 1950. Na ile ya "Mwafrika wa kwanza" pia muiache, Charlize Theron wa Afrika Kusini alichukua yake 2004. Lupita ni Mkenya wa kwanza, inatosha, haina haja ya kuongezwa chumvi.

Halafu kuna hii ya baba. "Baba yake iko mukubwa, njo alimulipia njia." Kweli baba ni mkubwa, amekuwa waziri, amekuwa seneta, toka 2017 ni gavana wa Kisumu. Na sitadanganya, mtoto anayepelekwa kusoma Marekani hakuanzia pale anapoanzia mtoto wa Katuba, komini nyingine ya hapa. Lakini hebu niambie, mtu anayepanga filme kule Hollywood anamwogopa seneta wa Kisumu kwa sababu gani? Angalia kazi yenyewe. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet jukwaani Nairobi. Alipokuwa mwanafunzi walikuja kupiga filme The Constant Gardener Kenya, na yeye alikuwemo, ila sio mbele ya kamera, alikuwa yule wa kutumwa huku na huku. Pale pale akamwambia akteri wa ile filme, Ralph Fiennes, kwamba naye anataka kuigiza, jamaa akamjibu fanya tu kama huwezi kuishi bila hiyo kazi. Ukifikiria, ni jibu baya sana kumpa mtoto wa watu! Mi ningerudi nyumbani. Yeye akaendelea, akafanya kazi za nyuma ya kamera kwenye filme ya mwongozaji Mira Nair, 2009 akacheza Shuga ile ya televizyo juu ya ukimwi, mwaka ule ule akatoa dokumentari yake mwenyewe juu ya watu wenye ualbino Kenya, aliandika yeye na kuongoza yeye. Baadaye tena akarudi darasani, akasoma uigizaji Yale, chuo kikuu cha Marekani, mpaka akamaliza 2012.

Kwa hiyo mtu akikuambia "filme moja tu, paf, Oscar", mwambie ahesabu vizuri. 12 Years a Slave ndiyo filme kubwa ya kwanza, ni kweli, alichaguliwa akiwa anamaliza Yale, na tuzo akaichukua tarehe 2 Machi 2014, kesho yake ya kutimiza miaka 31. Lakini kutoka Juliet mpaka pale ni karibu miaka 17. Mi kwenye ile filme sehemu inayonikaa ni ya sabuni. Patsey, yule mtumwa anayechezwa na Lupita, amerudi na kipande cha sabuni, kidogo vile, amekishika mkononi na anajieleza mbele ya bwana wake kwamba alikuwa ananuka, alikwenda kutafuta sabuni tu. Nimeweka ile filme kwa flash za watu sijui mara ngapi na bado nikifika pale napunguza sauti. Ile haipatikani kwa bahati.

Oscar yenyewe sasa. Musieu mmoja wa negosi, anayenunua madini kwa wachimbaji, alikaa kwenye benchi akapiga hesabu kwa simu yake, kilo karibu nne za dhahabu, Lupita iko na feza hiyo hata asipofanya kazi tena. Tulicheka siku nzima. Ni kweli ile sanamu ina karibu kilo 3.85 na urefu wa sentimita kama 34, lakini dhahabu ni ya kupakwa juu tu. Zile za wakati wa Lupita ndani yake ni mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba kidogo, kutoka 2016 ndio wakaanza kutengeneza kwa shaba nyeusi, yani bronzi. Watu wa Lubumbashi, mji wa migodi, kushindwa kujua madini yakiwa yamepakwa rangi, aibu kwetu! Na bahasha ya pesa haimo. Tena hata kuiuza ni shida, walioshinda kutoka 1950 wanafungwa na sheria kwamba ukitaka kuiuza lazima kwanza uwauzie wenyewe walioitoa, kwa dola moja.

Nifike kwenye ile inayoniuma. Mbele ya kibanda changu kuna mama anauza mahindi ya kuchoma, binti yake anacheza teatre parokiani, anacheza vizuri, na mama hataki. "Aktrisi iko malaya. Kama haulale na patro, haupate kazi." Anasema kwa sauti na mtoto yuko pale anapepea mkaa. Sasa hapa sitasema ni uongo mtupu, mapatro, yani mabosi, wa namna hiyo wapo, na Lupita mwenyewe ndiye aliyetuambia. Oktoba 2017 aliandika katika New York Times jinsi Harvey Weinstein, mtu ambaye wakati ule mlango wa Hollywood ulikuwa mikononi mwake, alivyomsumbua toka 2011, angali mwanafunzi Yale. Alimkatalia. Aliandika kwamba alimwambia wazi hawezi, na baadaye aliposhaanza kujulikana yule bwana alimletea kazi tena, akakataa tena. Mwishowe Oscar akaipata kwa filme ambayo huyo bwana hakuitengeneza. Nilimweleza mama haya yote polepole, akaniangalia, akageuza mahindi, akasema "uyo iko na bahati". Sawa mama.

Mengine nayapitia haraka juu yanachosha. Wakanda, ile inchi ya Afrika kwenye filme yake Black Panther, ni ya kutungwa, na wala hawakuja kuchimba cobalt yetu ili watengeneze vibranium, yale madini ya filme, sehemu kubwa waliipiga Atlanta, Marekani, na ile lugha wanayosema ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Weusi wake sio wa kompyuta, alisimulia mwenyewe 2014 kwamba akiwa mtoto alikuwa anamwomba Mungu aamke mweupe, mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudani Kusini akasifiwa, na 2019 akaandika kitabu cha watoto kinaitwa Sulwe, maana yake nyota kwa Kijaluo. Kompyuta iliwahi kumgusa kweli, lakini ilimgusa nywele, gazeti moja la Uingereza 2017 walizipunguza kwenye picha ya jalada na akalalamika mbele ya watu wote.

Na "baada ya Oscar akapotea"? Hakupotea, wewe ndio hukumwona. Kwenye Star Wars ya 2015 yeye ni Maz Kanata, yule bibi mdogo wa rangi ya chungwa, uso ni wa kompyuta lakini mwendo na sauti ni vyake. Kwenye The Jungle Book ni sauti ya mama mbwa mwitu. 2016 alikuwa jukwaani Broadway, kule New York, akicheza msichana aliyetekwa kwenye vita ya Liberia, wakamtaja kwenye tuzo za Tony, zile za teatre. Na amesema mwenyewe kwamba baada ya ushindi, filme nyingi alizoletewa zilikuwa za utumwa tena, akawa anakataa. Sio kila kimya ni njaa.

Mwaka huo huo wa 2016 ndio yule Mira Nair, aliyekuwa anamtuma zamani, alimwita acheze mama kwenye Queen of Katwe, ilipigwa Kampala na Johannesburg. Ni mjane wa mtaa wa mabati, kitambaa kichwani, watoto wake wanauza mahindi. Nikasema hii ndiyo. Jioni moja nikamwekea mama ya Kifaransa kwenye kompyuta, akakaa na binti yake kwenye benchi, jiko la mkaa limeachiwa jirani. Aliangalia saa nzima bila kusema kitu, mahali fulani akajifuta macho na pembe ya kitenge. Halafu akanigeukia, amekasirika kidogo.

"Na ule Lupita wako atatokea saa ngapi?"