Draivu ya Kompyuta Haisomi Diski: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mama mmoja wa makamo aliniletea laptopu aliyoifunga kwenye kanga, na ndani ya kanga hiyohiyo DVD ya harusi ya binti yake. "Mwanangu, fundi wa kwanza kasema draivu imekufa, ninunue nyingine," akaniambia. Nikamjibu, "Subiri kidogo mama, tuisikilize kwanza." Draivu ilizunguka vizuri na faili zote zilionekana. Laptopu ile ilikuwa imewekewa Windows upya, na toleo lile haliji na programu ya kuchezea video za DVD. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, uwezo huo haumo. Lazima uongeze programu nyingine. Niliweka VLC, isiyolipiwa, na harusi ikaanza.

Kisa hicho nakiona kwa sura nyingi. Watu wamehifadhi kwenye diski harusi, mawaidha, picha za wazee waliokwisha kututoka, na mara nyingi hawana nakala nyingine popote. Kompyuta zenye draivu nazo zinazidi kuadimika. Kwa hiyo naumia nikiona draivu nzima inatupwa, au diski ya pekee inaharibiwa, kwa sababu ya neno lililosikika kijiweni.

"Draivu ikikataa diski, basi imekufa"

Diski moja haitoshi kuhukumu. Tafuta tatu: CD halisi iliyotoka kiwandani, CD iliyochomwa, yaani iliyoandikwa data kwenye kompyuta, na DVD. Sababu ni kwamba draivu ya DVD ina leza mbili. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, ambao kwa kawaida jicho la binadamu haliuoni. DVD husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Leza moja inaweza kufa na nyingine ikabaki hai. Ndiyo maana utakuta draivu inacheza DVD zote na kukataa CD zote, au kinyume chake. Hapo ndipo tunasema kweli sehemu imekufa.

Ikisoma za kiwandani na kukataa zilizochomwa, fikiria uchafu kwenye lenzi au leza iliyoanza kuchoka. Diski iliyochomwa hurudisha mwanga mchache kuliko ya kiwandani, na ile ya kuandikwa na kufutwa hurudisha mchache zaidi. Udhaifu wowote wa draivu huanzia kuonekana huko.

Ikikataa zote, kuna kipimo kisicho na gharama ambacho natamani kila fundi angeanza nacho. Weka diski ya kuwashia, kwa mfano ya kusakinishia Windows au Linux, zima kompyuta, kisha iamuru iwake kutoka kwenye diski hiyo badala ya diski kuu. Ikiwaka, draivu na waya wake ni vizima, na tatizo liko ndani ya Windows.

"Alama yake imepotea kwenye kompyuta, kwa hiyo kifaa kimeungua"

Mara nyingi hakuna kilichoungua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, uangalie penye draivu za DVD na CD. Ukikuta alama ya njano na namba 19 au 39, shuku mabaki ya programu za kuchomea CD. Programu hizo huweka vichujio vyake, yaani vijiprogramu vinavyokaa kati ya Windows na draivu. Zikiondolewa vibaya, vichujio hubaki vikielekeza kwenye faili zisizokuwepo, na Windows inashindwa kuifungua draivu. Anza na njia nyepesi: bofya jina la draivu, uiondoe kwenye orodha hiyo, kisha washa kompyuta upya ili iitambue yenyewe. Ikishindikana, mtu anayeijua rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, afute maingizo mawili yaitwayo UpperFilters na LowerFilters kwenye fungu la draivu za CD, baada ya kuweka nakala ya rejista. Baadaye programu fulani ya kuchomea inaweza kuhitaji kusakinishwa tena.

Isipoonekana hata pale kompyuta inapowaka, kabla Windows haijaingia, basi angalia waya. Kwenye kompyuta ya mezani chomoa kebo ya data na ya umeme, uzichomeke tena, au ujaribu kebo nyingine.

"Ya nje, ya kuchomeka kwa USB, haina maisha"

Tatizo linaweza kuwa umeme tu. Tundu la USB 2.0 hutakiwa kutoa miliampea 500, na draivu nyingi nyembamba huhitaji zaidi ya hapo mota inapoanza kuzungusha diski. Utasikia inajaribu, inanyamaza, inajaribu tena. Iondoe kwenye kigawanyio cha matundu ya USB, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ilikuja na waya wa vichwa viwili, chomeka vyote viwili.

"Dawa ya meno huponya mkwaruzo wowote"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo diski nyingi zinapoharibiwa na mikono ya wenyewe.

Watu wanalinda upande unaong'aa na kuulaza upande wa maandishi popote. Kwa CD, ni kinyume. Unene wake ni milimita 1.2, karibu wote ni plastiki, na data iko juu kabisa, chini ya maandishi, ikifunikwa na utando mwembamba wa rangi na vanishi. Kalamu ngumu au kucha ikikwangua hapo, inaondoa data yenyewe. Inyanyue diski uiangalie dhidi ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, hakuna dawa ya kuvirudisha. DVD ni tofauti, kwani data yake imelazwa katikati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja. Blu-ray, diski ya filamu za ubora wa juu, nayo ina milimita 0.1 tu ya kinga upande wa leza.

Sasa dawa ya meno. Ndani yake mna chembe za kusugulia, kwa hiyo haizibi mkwaruzo. Inakwangua plastiki ya pembeni mpaka kingo za mkwaruzo zilainike. Kwa mkwaruzo mwepesi wa CD inaweza kusaidia, lakini ukisugua ovyo unaacha ukungu unaotawanya mwanga wa leza. Kwa Blu-ray usithubutu kabisa.

Tena, si kila mkwaruzo ni adui. CD imetengenezwa na hesabu za kurekebisha makosa, zinazoweza kujaza pengo la takribani milimita 2.5 kwenye mstari wa data. Mstari huo huzunguka kama mkeka wa duara unaosukwa kuanzia katikati kwenda nje. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda ukingoni hugusa kila mzunguko kidogo tu, na draivu huuruka. Mkwaruzo unaozunguka pamoja na mstari humeza data mfululizo, hata ukiwa mwembamba. Ndiyo sababu tunafuta diski kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Na kabla ya lolote, ioshe: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba. Alama za vidole zimesingiziwa kuwa mikwaruzo mara nyingi mno.

"Lenzi isafishwe kwa chochote chenye spiriti"

CD ya kusafishia, ile yenye vibrashi, huondoa vumbi jepesi. Mafuta ya jikoni na moshi wa sigara haiviwezi. Kwenye laptopu lenzi ipo juu ya trei yenyewe, unaiona ukiivuta. Zima kompyuta, chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kikamue, uguse lenzi kwa wepesi kama unayegusa jicho la mtoto, maana imening'inizwa kwa nyaya nyembamba sana. Manukato huacha mafuta. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina asetoni, nayo huyeyusha plastiki ya lenzi. Wala usiitazame lenzi draivu ikiwa inafanya kazi. Mwanga wa leza unaweza kuliumiza jicho hata kama huuoni.

Wapo pia wanaofungua draivu na kuzungusha kile kiskrubu kidogo cha nguvu ya leza ili "iamke". Itaamka kweli, kwa siku chache, kisha inaungua moja kwa moja. Mteja asiyeelezwa hivyo kabla ya kulipa ameibiwa.

"Filamu niliyotumiwa kutoka Muscat inakataa, draivu mbovu"

Filamu za DVD za kiwandani hugawanywa kwa kanda. Tanzania na Kenya ni kanda ya 5, Oman na Uingereza ni ya 2, Marekani ni ya 1. Draivu ya kompyuta hukubali kubadilishiwa kanda mara tano tu, kisha hujifunga kwenye ile ya mwisho. Angalia duara dogo lenye namba kwenye kasha kabla ya kubadili chochote.

"Ilikuwa inasoma zamani, kwa hiyo diski ni nzima"

Diski ya kuchomwa huhifadhi data kwa tabaka la rangi, na rangi huchujuka. Ukiiacha juu ya dashibodi au dirishani penye jua, inazeeka upesi. Kama bado inasoma kwa shida, inakili leo, kwa mwendo wa chini, na ijaribu kwenye draivu mbili tatu tofauti. Mara nyingine moja husoma pale nyingine iliposhindwa. Yenye ufa karibu na tundu la katikati usiingize kabisa. Draivu ya CD ya kasi ya 52x huzungusha diski takribani mara 10,000 kwa dakika, na diski yenye ufa inaweza kupasukia ndani.

Harusi ya yule mama ilikwenda vizuri mpaka dakika za mwisho, picha ikaganda. DVD huanza kusomwa katikati na kumalizia ukingoni, na ukingoni ndipo vidole hushika. Nikaiosha kwa maji na sabuni, nikaikausha, nikairudisha. Bibi harusi akapanda gari, watu wakapunga mikono. Nikamwekea nakala kwenye flashi mbili, moja yake, moja ya binti.