Masikio yanakuwasha ukivaa hereni? Mwambie daktari kabla hujawekewa chuma

Aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda akifikishwa hospitali huulizwa kama ana mzio wa dawa. Habari za hereni haulizwi, naye haoni sababu ya kuzitaja. Sisi madaktari tunaomba zitajwe. Mwanamke ambaye masikio humwasha na kutoa majimaji kila avaapo hereni za bei rahisi, au mwanamume anayetokwa na vipele chini ya kitovu pale kifungo cha jinzi kinapogusa, huenda ana mzio wa metali iitwayo nikeli. Na chuma cha pua kinachotengenezewa sahani, skrubu na misumari ya mifupa kina nikeli asilimia 13 hadi 15, na kromiamu asilimia 17 hadi 19.

Kromiamu nayo ina watu wake. Fundi mwashi aliyeshika saruji mbichi kwa miaka, mara nyingi mikono yake hukauka, hupasuka na kumwasha usiku, naye huamini ni ugumu wa kazi tu. Saruji ina kromiamu, na mwili ukishaikataa haurudi nyuma. Fundi huyohuyo anaweza kupata vipele miguuni kwa kuvaa makubazi, kwa sababu ngozi nyingi za viatu husindikwa kwa chumvi za kromiamu.

Hatusemi wenye mzio wasiwekewe chuma. Wengi huishi nacho miaka mingi bila kuwashwa, ndiyo maana hatumpimi kila anayeingia chumba cha upasuaji. Lakini kama una historia hiyo, na upasuaji wenyewe unaweza kusubiri, mathalani wa kuweka goti bandia, daktari wa ngozi anaweza kukubandika mgongoni viraka vyenye metali hizo. Mzio wa aina hii huja polepole: viraka hutolewa baada ya saa 48, na ngozi hukaguliwa tena siku mbili tatu baadaye. Ukithibitika, daktari wa mifupa anaweza kuchagua titani, metali ya aina nyingine. Paja lililovunjika leo halisubiri vipimo hivyo, mfupa kwanza.

Vipele vikitoka siku chache baada ya upasuaji, aghalabu chanzo ni plasta, iodini au krimu iliyopakwa kwenye kidonda. Mzio wa chuma chenyewe kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki kadhaa au miezi. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu: tazama kama pamekuwa peusi zaidi au rangi ya zambarau, ngozi imekuwa nene, ina magamba na inawasha.

Tunachokihofia zaidi ni maambukizi. Homa, maumivu yanayozidi, joto kwenye kovu au usaha ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Tafadhali usijipake krimu ya steroidi ya dukani kabla hujaonwa, kwani hutuliza ngozi juu huku vijidudu vikiendelea ndani. Ni lazima tuyaondoe maambukizi kwenye orodha ya visababishi, kwa vipimo vya damu na eksirei, ndipo tulaumu chuma.

Mfupa ukishaunga, kutoa sahani na skrubu mara nyingi humaliza vipele. Kabla haujaunga, usishinikize vitolewe. Muwasho una dawa za kuutuliza. Na unaporuhusiwa kwenda nyumbani, omba aina ya chuma ulichowekewa iandikwe kwenye karatasi yako, maana atakayekutibu baadaye huenda asiwe wa hospitali hiyo.