Rais mpya, EIA mpya? Mambo tunayodanganyana Kenya

Dhana: serikali ikibadilika, sheria ya EIA, yaani tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, nayo inatupwa.

Ukweli: Wapi. EMCA, ile sheria kuu ya mazingira, ilipitishwa 1999, Moi bado yuko Ikulu, na ndo hiyohiyo inatumika mpaka leo, Kibaki aliikuta, Uhuru akaikuta ikarekebishwa 2015, Ruto pia kaikuta. Tena tangu 2010 iko mpaka kwa katiba, kifungu cha 69 kinaiambia serikali iweke mfumo wa EIA, kwa hivyo hakuna rais ataamka asubuhi aifute.

Kinachobadilika ni zile karatasi za chini ambazo hakuna mtu anazisoma. Jedwali la pili la hiyo sheria ndo linasema mradi gani unahitaji ripoti gani, na waziri anaweza kulibadilisha kwa tangazo tu la gazeti la serikali. 2019 lilibadilishwa, miradi ikapangwa upya, hatari ndogo, ya kati na kubwa, sasa ukiwekwa kundi la chini kazi yako inakuwa nyepesi sana. Mimi naona siasa inachezewa hapo, bungeni mnaangalia bure.

Dhana: rais akitaka mradi, umepita.

Ukweli: Waulize watu wa Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe, megawati 1,050, serikali ya Uhuru iliutaka kabisa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa leseni 2016. Wenyeji wakakata rufaa kwa lile jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Na Uhuru bado alikuwa madarakani, serikali haikubadilika hata kidogo! Ila usishangilie sana, reli ya SGR pia ilipelekwa kwa jopo hilohilo na leo treni inapita ndani ya mbuga ya Nairobi juu ya daraja la kilomita kama 6.

Dhana: ripoti ya EIA inaandikwa na serikali.

Ukweli: La. Mwenye mradi ndo anatafuta mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, na ndo anamlipa (ndio, huyohuyo anayetaka leseni). NEMA kazi yake ni kuikagua ripoti, kuchukua maoni ya watu, halafu kuamua. Na kama leseni ishatoka na hujaridhika, una siku 60 za kufika kwa jopo, basi.