Vitamini A na Saratani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Vidonge vya vitamini A humkinga mvutaji wa sigara na saratani ya mapafu.

Ukweli: Dhana hii haikuzuka hivi hivi, kwani watu waliokula matunda na mboga kwa wingi walionekana kuugua saratani hiyo kwa uchache, na watafiti wakadhani kuwa siri iko katika beta-karotini, rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Walipoipima, mambo yalikuwa kinyume. Nchini Finland, katika uchunguzi wa wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio la Marekani, lililochanganya beta-karotini na vitamini A yenyewe, lilisitishwa mapema mwaka 1996 baada ya kuonekana ongezeko la asilimia 28. Mvutaji wa Kampala anayenunua vidonge hivyo kwa nia ya kujilinda anajiongezea hatari kwa fedha zake mwenyewe.

Hayo hayavihusu viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo wakulima wa Uganda walipewa ili kupunguza upungufu wa vitamini A unaodhuru macho na kinga ya watoto. Ni chakula chema. Ila anayevinadi sokoni kuwa ni dawa ya saratani anavitwika mzigo usio wao.

Dhana: Basi vitamini A haina nafasi yoyote katika tiba ya saratani.

Ukweli: Ina nafasi, tena katika aina moja ya saratani ya damu nafasi hiyo ni kubwa mno. Katika leukemia kali ya promielositi, vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe) ya 15 na ya 17 hubadilishana mahali, na protini inayozaliwa hapo huzifunga chembe changa za damu zisikomae. Asidi ya retinoiki, iliyo ya ukoo wa vitamini A, hulifungua fungo hilo, chembe zikakomaa na hatimaye kufa kama kawaida. Daktari Wang Zhenyi na wenzake wa Shanghai walichapisha mwaka 1988 habari za wagonjwa 24 waliopewa asidi hiyo, ambao karibu wote walipata nafuu kamili. Siku hizi dawa hiyo ikiunganishwa na aseniki, wagonjwa walio wengi hupona. Kwa kuwa fungo hilo ni la ugonjwa huo, haifuati kwamba saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi itatii dawa hiyo hiyo. Hata huko inakofaa, dawa hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali, maana inaweza kuleta homa, kubanwa pumzi na maji mapafuni.

Dhana: Ni vitamini tu, ikizidi hutoka kwa mkojo.

Ukweli: Vitamini A haitoki hivyo, hurundikana katika ini, na ikizidi mno huleta maumivu ya kichwa na kuliharibu ini lenyewe. Dawa za ukoo huu zinaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, hivyo mjamzito hapewi isotretinoini, dawa ya chunusi ya ukoo huo. Nao watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara moja tu kila miezi sita.