Wanaume wahamiaji na kazi za ndani: nani aliyeipa kazi jinsia?

Mwaka 2021 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa duniani kuna wafanyakazi wa majumbani milioni 75.6, na kwamba asilimia 76.2 kati yao ni wanawake. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali, hata mimi huitumia ninapofundisha. Upande wake wa pili ndio unaopitwa: karibu mmoja kati ya wanne ni mwanamume. Katika nchi za Kiarabu wanaume ndio walio wengi, asilimia 63.4, na huko kazi hizi hufanywa zaidi na watu waliotoka nchi nyingine.

Nimetafiti kazi za nyumbani na uhamiaji kwa muda mrefu, na kila nikiwataja wanaume hawa naulizwa swali lile lile: wanaona vipi kufanya kazi ya kike? Swali hilo linaanzia mahali pabaya, kwa kuwa linachukulia kwamba kazi ilizaliwa na jinsia yake. Tazama miji ya kikoloni ya Afrika ya mashariki na kusini. Katika mingi ya miji hiyo, aliyepika, aliyefua na aliyepiga pasi kwenye nyumba ya Mzungu alikuwa mwanamume, aliyetoka kijijini kutafuta fedha za kodi. Kanuni za mjini ziliwabana wanawake wasihamie huko, wazazi hawakutaka binti zao walale kwenye nyumba za wageni, na wake wa Wazungu wengi hawakutaka mwanamke Mwafrika karibu na waume zao. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wanaume waliendelea kuwa wengi katika kazi hii hata baada ya uhuru wa 1964. California nayo, katika karne ya 19, ilikuwa na Wachina wengi wanaume waliopika na kufua kwenye nyumba za matajiri, na sheria ya 1882 ikaja kuwafungia mlango vibarua wapya kutoka China.

Waajiri wa wakati huo hawakuona ajabu yoyote. Rangi ilikuwa imeshamshusha mtu huyo kiasi kwamba uanaume wake haukuhesabiwa. Watu wazima wenye wake na watoto waliitwa "boi" hadi mvi zikawatoka. Hili ndilo ninalotaka lieleweke kabla ya lingine lolote: mwanamume mhamiaji hafiki jikoni kwa mtu kwa sababu ameshinda mila. Kwa kawaida anafikishwa huko na sheria, mpaka na umaskini, na mara nyingi na kanuni za kijinsia zenyewe.

Mfano wa wazi zaidi ninaoujua ni Saudi Arabia. Wanawake waliruhusiwa kuendesha magari huko tarehe 24 Juni 2018. Kwa miaka yote iliyotangulia, familia yenye uwezo ilihitaji mtu wa kumpeleka mama kazini, watoto shuleni na bibi hospitalini, ikaajiri dereva wa nyumbani kutoka nchi kama India, Bangladesh au Indonesia. Marufuku iliyowekewa wanawake ilitengeneza ajira za wanaume kwa wingi. Na dereva huyo ni mfanyakazi wa nyumbani kamili: kibali chake cha ukaazi kimefungwa kwa mwajiri, mara nyingi analala kwenye chumba kidogo karibu na geti, na sheria ya kazi ya nchi imemwacha nje pamoja na wapishi na wayaya.

Italia inaonyesha jambo lile lile kwa upande wa makaratasi. Mwaka 2009 serikali iliwafungulia wahamiaji wasio na vibali njia ya kuhalalishwa, lakini kwa wale tu waliofanya kazi za nyumbani na kuhudumia wazee na wagonjwa. Mwanamume aliyekuwa akibeba zege au kuosha vyombo mgahawani hakuwa na mlango mwingine. Wengine waliingia kweli kwenye nyumba za watu, wengine wakaingia kwenye karatasi tu. Wapo walioingia kwa ajili ya kibali wakabaki kwa sababu kazi wanaiweza.

Mmoja wa waliobaki, niliyezungumza naye Roma, alinionyesha anavyomhamisha mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Goti lake moja linaingia katikati ya magoti ya mzee, mikono inapita chini ya makwapa na kukutana mgongoni, anahesabu hadi tatu kwa sauti ili mzee asishtuke, kisha anageuka kwa miguu bila kupinda kiuno. Alieleza kama fundi anayeijua kazi yake. Kuhusu kumsafisha mzee baada ya haja kubwa alieleza kwa ufundi ule ule, ila sauti ilishuka kidogo, akaongeza kwamba nyumbani kwao wanajua anafanya kazi "ya mambo ya afya". Simwoni kuwa mwongo. Anajitafutia namna ya kubaki baba na mume machoni pa watu wanaoishi kwa pesa anazotuma, na pesa hizo ndizo hoja yake kubwa: anayelisha familia hawezi kuambiwa si mwanamume.

Kinachonikera ni jinsi maelezo hayo yanavyopanga bei. Mwanamke anayemwinua mzee wa uzito ule ule kwa mbinu ile ile husifiwa kwa upole wake, mwanamume kwa nguvu na utaalamu, na utaalamu hulipwa zaidi kuliko upole. Wanaume wamejikusanya kwenye udereva, bustani, ulinzi na ukarabati, na kazi hizo kwa kawaida zinalipwa kuliko usafi na kulea. Mmexico anayetunza bustani huko Los Angeles anaweza, akijaliwa, kununua gari la mizigo, kukusanya wateja wake na kuajiri wenzake. Msafishaji wa ndani naye ana wateja wake, lakini ni wachache wanaomwita mfanyabiashara.

Hata hivyo faida hiyo ina mwisho wake, nao ni mlango wa chumba cha mtoto. Mwanamume mgeni akiomba kazi ya kulea hutazamwa kwa shaka kabla hajafungua mdomo, na akiwa mweusi au Mwislamu kwenye nchi za Ulaya shaka inaongezeka. Anapewa nyasi, mabomba na rangi za ukuta. Uingereza ilishuhudia hili baada ya Poland kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, mafundi wa Kipolandi walipochukua kazi ndogo ndogo ambazo baba mwenye nyumba angezifanya Jumamosi. Baba huyo hununua muda wa kukaa na watoto wake, kwa jasho la baba mwingine ambaye wanawe anawaona kwenye simu.

Mikakati mingi ya kuwalinda wafanyakazi wa majumbani imeandikwa kwa kumfikiria mwanamke aliyefungiwa ndani, na ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi. Lakini Mkataba Namba 189 wa ILO, uliopitishwa 2011 na kuanza kutumika 2013, unamhusu kila aliyeajiriwa kufanya kazi ndani ya kaya au kwa ajili ya kaya. Mtunza bustani na dereva wamo. Ibara ya 10 inagusa hata muda wa kusubiri: saa ambazo mfanyakazi hawezi kuzitumia atakavyo kwa sababu lazima awe tayari kuitwa zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa kiwango kitakachowekwa na sheria za nchi au makubaliano ya pamoja. Kwa dereva wa nyumbani, ambaye sehemu kubwa ya siku ni kusubiri simu ilie, kiwango hicho ndicho mshahara wake. Kwa hiyo nchi inapoandaa sheria ya wafanyakazi wa majumbani, ibara ya muda wa kusubiri ndiyo ninayoisoma kwanza.