Je, wajua mvuke unaweza kueleza kama polima imeifunika silika yote?

Ukikoroga unga wa silika (madini ya mchanga) ndani ya toluini, kimiminika kiyeyushi, iliyoyeyushiwa polima ya PMMA, ile plastiki angavu kama kioo, kisha ukauchuja na kuukausha, kila chembe hubaki na utando mwembamba wa polima. Je, umefunika chembe nzima, au pana mahali palipobaki wazi?

Kwa kawaida, katika kromatografia ya gesi, yaani kupitisha mivuke mrijani na kupima inavyochelewa, kilichojazwa mrijani hujulikana na sampuli ndiyo fumbo. Hapa kibao kinageuzwa: unga wenyewe ndio unaojazwa mrijani, na mivuke inayojulikana ndiyo inayodungwa.

Unga laini mno huziba njia ya gesi. Kwa hiyo ugandamize, uuvunje, kisha uchekeche upate punje za milimita 0.2 hadi 0.4. Jaza mrija wa chuma wa sentimita 30 huku ukiugonga-gonga, ziba ncha kwa pamba ya kioo, halafu upitishie heliamu yenye joto usiku kucha. Usiharakishe hatua hii: unyevu hung'ang'ania silanoli, yaani vikundi vya OH vya silika, na kuharibu vipimo vyote.

Dunga methani kwanza. Kwa kuwa haishiki popote, muda wake wa kupita mrijani ndio unaopunguzwa kutoka muda wa mivuke mingine. Fuatisha alkani nne, yaani minyororo ya kaboni na hidrojeni: heksani, heptani, oktani na nonani. Kila mara vuta tone sindanoni, limwage, kisha sukuma hewa mara kadhaa hadi ibaki harufu tu. Mvuke ukizidi, molekuli hugombania nafasi, kilele kinachochorwa mvuke unapotoka huburuta mkia na muda hubadilika. Ukipunguza dozi na muda ukahama, ujue ulizidisha.

Kwenye grafu ya logi ya muda huo, alkani hizo nne huchora mstari mnyoofu, na mwinamo wake hutoa nishati ya uso. PMMA huwa karibu milijuli 40 kwa mita ya mraba katika joto la chumba. Silika tupu mara nyingi huzidi hapo. Mivuke yenye ncha za umeme huangukia juu ya mstari, na pengo hilo ndilo lenye habari tamu. Klorofomu, ambayo hapa hufanya kama asidi, huvutwa na kabonili (vikundi vya C=O) za PMMA. Tetrahidrofurani, ambayo hufanya kama besi, huzifuata silanoli. Hii ya pili ikiendelea kuchelewa kama kwenye silika tupu, utando una matundu.

Pima chini ya nyuzi 105. Juu ya hapo PMMA hulainika, mvuke huzama ndani, na kinachopimwa si uso tena.